Bendera Mbili

Mhandisi Mwasandube alifungua ramani juu ya boneti,
akaikandamiza kwa mawe manne, maana upepo wa Loleza hauna adabu,
nikamuuliza: hili jumba ni la nini?
La kupumzikia, akasema. Wanachuo watacheza, wataogelea,
watanyoosha viungo baada ya mitihani.
Nikaitazama karatasi: nguzo arobaini na mbili,
mishale, namba nyekundu, bwawa lililopakwa buluu.
Kumbe kupumzika nako kuna ramani.

Kazi yangu mimi ni bendera mbili.
Nyekundu, na lori la Tunduma linakanyaga breki mpaka linakohoa.
Kijani, na dunia inaendelea na safari zake.
Mama yangu kule Masoko hajaamini bado:
wewe Sekela, uliyeshindwa kumzuia mbuzi asile maharage?

Mchana barabara hii haipumui.
Bajaji, mikokoteni ya viazi, ndoo za maparachichi,
mhubiri na spika yake,
muuza sumu ya panya na spika kubwa kuliko ya mhubiri.
Ndiyo maana jiji likatupa kibali cha usiku,
saa nne mpaka kumi na moja, usiku mmoja tu.
Na zege halilali.

Nasi hatukulala.
Julai, ile baridi inayoingia kupitia vidole vya miguu
ikapanda taratibu kama mpangaji mwenye haki zote.
Magari ya zege yakaja yakizungusha matumbo,
nami nikayafungulia njia, moja moja,
nikiwa na makoti mawili, soksi tatu,
na filimbi iliyoganda mdomoni.

Kabla ya uzio wa mabati hapa palikuwa uwanja,
vumbi kiangazi, masika tope.
Ambwene alikuwa na ubao wa drafti kwenye kona ile,
pale inaposimama sasa nguzo ya kumi na saba.
Visoda vyake vililala chali, vya mgeni kifudifudi.
Alimla fundi saa. Alimla mchunga maegesho.
Alimla trafiki mpaka trafiki akasahau foleni
na mabasi yakapigiana honi hadi magharibi.
Halafu greda likaja, siku ya Jumanne,
na Ambwene akabeba ubao kwapani kama mtoto aliyelala.
Wiki mbili baadaye nikamwona getini na kofia ngumu ya manjano,
kibarua, jina la ishirini na tatu kwenye daftari.
Sikumuuliza kitu. Angenijibu nini?

Saa tisa usiku pampu ikakwama.
Dakika kumi na mbili msimamizi akatukana kwa Kinyakyusa, Kisafwa
na lugha nyingine aliyoitunga palepale.
Taa zikimulika, mvuke ukitoka vinywani mwa watu,
nilimwona Ambwene kando ya nguzo ile, ndani ya nondo,
akitoa kitu mfukoni.
Visoda viwili, kimoja juu ya kingine.
Akavilaza mahali fulani, taratibu, kwa kidole kimoja,
kama mtu aliyefika mwisho wa ubao.
Pampu ikakohoa. Zege likashuka.

Sikumwambia msimamizi. Namwambia nani sasa? Nawaambia ninyi.

Siku moja watoto wa watu watakuja na raba nyeupe,
wataruka, watadunda mpira, sakafu itawarudishia vishindo,
na chini yao kuna kingi
ambaye hakuna atakayemla, wala hatasogea.

Saa kumi na moja basi la kwanza likawasha taa.
Nikainua kijani, mkono ukagoma kunyooka,
nikauinua kwa mkono mwingine.
Tulikunywa uji na Ambwene tumekaa juu ya mifuko mitupu ya saruji,
hatukusema neno.
Nyumbani, nikivua soksi ya tatu, ndipo nikakumbuka
kwamba sikumuuliza: ilikuwa zamu ya nani?