Nane, Zasikika Sita

Karatasi ni nne, zimetolewa kopi mpaka wino umechoka,
pembeni duara la kikombe cha Aweso, mpwa wangu,
aliyekwenda Kilindini kuhesabu makontena
akaniachia gitaa lisilo na mfuko
na neno moja la mlangoni: "Shangazi, lisilale na vumbi."

Mimi ni mtu wa kofia.
Mwaka wa ishirini na mbili huu nashona Langoni,
sindano ishuke, sindano ipande,
mato yangu yamezoea vitu vidogo.
Nikasema, alama hizi zitanishinda nini?

Mistari sita, nyuzi sita: hilo halikuniumiza.
Nambari, kidole kikae chumba cha ngapi.
Lakini chini ya nambari kulikuwa na mtaa mwingine:
vijiti vimesimama pekee,
vijiti viwili viwili vimelazwa boriti moja kichwani,
fremu ya mlango usio na mlango,
mdomo wa kunguru umeachama kuelekea juu,
na mishale.

Mshale wapanda, nikapandisha mkono.
Mshale washuka, nikashusha.
Nani angefanya vingine?
Wiki tatu. Bi Mwanatumu akagonga ukuta:
"Ni sufuria gani hiyo waikwangua usiku kucha?"

Nikampigia Aweso. Nyuma yake winchi inalia.
"Shangazi, uzi mnene uko mstari wa ngapi?"
"Wa juu! Si ndio ulio karibu na kidevu changu?"
"Wa chini. Karatasi ni gitaa umelilaza pajani,
walitazama kutoka juu."

Nikakaa na simu iliyokwisha salio.
Kumbe mshale hausemi mkono uende wapi,
wasema sauti ianze kwa nani:
yapanda kutoka uzi mnene hadi mwembamba,
na mkono, ili sauti ipande, sharti ushuke.
Ile fremu ndiyo kushuka, ule mdomo ndio kupanda.
Zilikuwepo siku zote, juu ya kila mshale,
nami nilizidhania pambo.

Vijiti vikaja polepole.
Kimoja pekee chala pigo zima.
Viwili chini ya boriti vyagawana pigo,
kama ndugu wawili mkeka mmoja,
na ukimpa wa kwanza nafasi zaidi
wa pili huamka na ugomvi.

Aweso ameandika: hesabu moja na, mbili na, tatu na, nne na.
Haikai. "Moja na" ni mizani tatu,
nafasi ni mbili.
Ulimi wangu ulifunzwa na mama,
aliyepima mashairi ya watu kwa vidole
kwenye ukingo wa meza ya kukandia,
na mshororo ukizidi silabi moja
aliusukuma kando kama unga wenye mchanga.
Basi nikatafuta nane zangu:

shuka pole, panda tena

Mkono washuka kwenye shu, wapanda kwenye ka,
washuka po, wapanda le,
hausimami, hata pasipo na alama,
maana pasipo na alama mkono wapita hewani:

shu — po le — nda te na

Nane, zasikika sita.
Mbili zimo, ila hazigusi.

Hili nalijua. Mteja hunilipa kwa matundu.
Uzi huuzwa kwa bei ya uzi,
kofia ni pale sindano ilipozunguka
ikaacha upepo wa kichwa upite.

Lakini pale kwenye pa, mkono unaposhuka bure,
kidole chashawishika. Nimekata kipande cha kadi ya simu
kiwe kipigio, nacho kina tamaa kuliko mimi.
Leo nimegusa pasipoguswa mara nne.
Ukurasa wa mwisho una misalaba midogo,
zima kwa kiganja, ameandika; sijaufikia.
Na kofia ya bwana wa Shela yatakiwa Alhamisi,
bado matundu arubaini.