Sanduku la Kijivu

Bibi yangu hakuogopa lipiko.
Wenzake walipokimbia, yeye alitazama miguu ya mchezaji,
akasema: huyo ni Chitanda,
kisigino chake nakijua, kina kovu la jembe.

Mimi nalinda pampu bondeni, chini ya Newala,
mashine inayosukuma maji yapande ukingo
hadi kwa watu waliozoea kukinga mvua ya bati
na kuhesabu madumu kama wengine wahesabuvyo magunia ya korosho.
Mwaka juzi walituletea sanduku la kijivu.
Lina taa tatu, antena fupi kama kidole cha mtoto,
na laini ya simu tumboni.
Linapima kina cha tangi la juu, msukumo wa bomba,
joto la mota, kisha linaandika:
KAWAIDA.
Usiku kucha. Kawaida. Kawaida.
Neno hilo limenibembeleza nikalala
mara nyingi kuliko nitakavyokiri kwa mwajiri.

Jumapili moja ya Juni, vumbi la salfa likielea mikoroshoni,
pampu ilinyamaza.
Haikukohoa, haikunuka moshi.
Ilizimika kama mtu aliyeambiwa nyamaza, akatii.
Nikaiwasha. Ikazimika.
Nikaiwasha.
Simu ikalia: mpwa wangu Mfaume, yuko Kitangari,
mdomo umejaa ming'oko.
"Mjomba, lile sanduku lako lina adabu!
Nimeliandikia ZIMA, limenijibu SAWA."

Namba aliiona sikukuu ya Idi,
niliiandika mwenyewe ukutani kwa mkaa.
Neno la siri hakulitafuta.
Liko kwenye kibandiko, upande wa chini, kwa yeyote anayeinama:
moja, mbili, tatu, nne.
Kiwandani waliliweka, mafundi wakalikuta,
nasi tukaliacha
kama watu wanaoogopa kuvua nailoni ya kochi jipya.

Mfaume ana miaka kumi na minne
na salio la shilingi mia mbili.
Usiku ule nilimfikiria mwingine,
asiye na mjomba hapa,
asiyezima, maana kuzima kunaonekana.
Yeye anaandika tu: sema tangi limejaa.
Sanduku lijibu SAWA,
nami nikae na chai yangu nikisoma KAWAIDA,
huku juu bomba linavuta upepo
na muuguzi wa zamu amefungua koki,
mikono ina sabuni hadi viwikoni,
anasubiri.

Niliandika barua. Mhandisi Namkoto alicheka, bila ubaya:
"Nani ana haja na maji yetu?
Sisi wenyewe tunayapata kwa mgao."
Barua ikarudi na mhuri: IMEONEKANA.

Masanduku ni kumi na tisa kwenye bomba hili,
yamezaliwa siku moja, yana ufunguo mmoja.
La kwangu nimelibadili. Nimeweka nini, sisemi
kwa mtu, na kwa Mfaume hasa.
Yale kumi na nane yana wenyewe,
na wenyewe wanangoja waraka.

Siku hizi, kila Alhamisi, napanda na pikipiki
hadi njia inapokatika, kisha kwa miguu, hadi kwenye tangi.
Nina jiwe la ukubwa wa yai la bata.
Nagonga kuanzia chini: du, du,
napandisha kidogo: du,
hadi pale sauti inapogeuka ngoma.
Hapo naweka alama ya chaki.
Ndipo natoa simu, nisome sanduku linasemaje.

Wiki iliyopita chaki na sanduku
vilipishana viganja viwili.
Huenda ni kutu. Huenda waya umechoka na jua.
Nilisimama palepale, jiwe mkononi,
kioo cha simu kikiniambia KAWAIDA,
nami nikitafuta kisigino.