Inchi Mbili Juu, Tatu Unusu Chini

Fremu ilishuka na boti kutoka Unguja,
imeviringwa magunia, imefungwa kamba ya usumba,
upana inchi sita, juu mpaka chini inchi sita,
kama zinavyojua kuwa sawa mbao za mashine.
Ukuta wa Bi Mize haujapata kuona mashine.

Mkwewe aliujenga hapa Utaani
kwa mawe, udongo, chokaa na ubishi,
na kila aliyekuja baadaye akakandika juu yake.
Nikaupima penye kizingiti cha juu: nane.
Katikati: nane na robo tatu.
Chini, sakafuni: tisa unusu.
Faki akaandika kiganjani kwa penseli.
"Fundi, ukuta umevimba?"
"Umekaa," nikamwambia. "Ukikaa sana hupanuka chini."
Jikoni Bi Mize akacheka,
maana nyumba hii haikuwa na neno la siri.

Miaka thelathini na sita chumba chake kilikuwa na pazia.
Pazia la maua, la mistari, la kijani alilopewa harusi ya wifi.
Pazia halikatai mtu.
Mtoto huingia nalo kichwani, kuku hupita chini yake,
mgeni huliambia "Hodi" na mkono ushalifunua.
Mwezi uliopita mwanawe wa Maskati
alituma fedha za runinga.
Kanunua mlango.

"Ufunguke wapi?" nilimuuliza.
"Ndani. Mwenye kuufungua niwe mie."
Basi bawaba zikakaa upande wa chumbani,
fremu ikalingana na ukuta wa huko,
na upungufu wote ukabaki ukumbini:
jiwe tupu, limekenua.

Wako wanaopajaza saruji hapo, wakapiga rangi, wakapokea chao.
Kabla ya vuli ufa ushatoka, unafuata mwimo
kama mtoto aliyefundishwa kuchora mstari mmoja.
Mimi nilitafuta ubao.
Mfenesi wa manjano, umelala darini kwangu misimu minne ya karafuu,
ushamaliza kupinda kote ulikotaka kupinda.
Nikapiga uzi wa masizi: mbili juu, tatu unusu chini,
nikaupasua mshazari, msumeno ukifuata uzi
nami nikifuata msumeno bila kupumua.
Ubao nikautoa ulimi, fremu nikaichimba mfereji.
Randa. Jaribu.
Randa tena, kidogo, kama unamfuta mtu jasho.
Nyuma yake kabari mbili mbili, zinatazamana,
mpaka timazi ikaacha kutikisa kichwa.

Faki alitaka viungane bapa, mkono usihisi kitu.
Nikamkatalia.
Ubao urudi nyuma unene wa sarafu.
Vitu viwili visivyozaliwa pamoja
ukivilazimisha usawa, masika yakija kimoja kitavimba
na kila jicho litakiona.
Viachie kivuli chembamba katikati.
Watu watadhani ni nakshi.

"Pazuri," akasema Bi Mize, akipapasa kiungo.
"Piga bluu."
"Bluu, bibi? Mfenesi huu?"
"Bluu. Yote. Kama dirisha."
Nikameza mate. Faki akatazama boriti.

Saa tisa nikakaza skrubu ya mwisho ya kitasa.
Bi Mize akaingia, akaufunga taratibu,
tukasikia ulimi wa kitasa ukikalia tundu lake,
tki,
kisha hatukusikia kitu.
Si kikohozi, si bangili.
Ujira wangu haujalipwa,
kopo la bluu halijafunguliwa,
na randa yangu imo mle ndani, juu ya sanduku lake.
Faki akanyanyua mkono agonge.
Nikaushika.
Tukachutama pale ukumbini, tukazoa maranda ya manjano
kwa viganja, bila ufagio,
moja moja.