Shika Hapa

Jumamosi, Umoja, saluni ya Kerubo.
Nimekalia kreti ya soda iliyopinduliwa,
mwanamume pekee kati ya vichwa sita,
na binti yangu Nanjala yuko katikati ya magoti ya Kerubo,
ananung'unika kila kitana kinapopita.
"Mwambie avumilie," naambiwa.
Namwambia. Ananitazama kama mtu aliyeuzwa.

Redio iko juu ya friji isiyofanya kazi.
Leo ni Zena Mkufu.
Jana ilikuwa Zena Mkufu, na juzi pia,
ila juzi alikuwa bado na mume.
Kibao chake cha mwaka jana,
kile kilichopigwa kwenye kila harusi hadi Kitengela,
alimwimbia yeye, huyo huyo Teto
mwenye meno mawili ya dhahabu na gari la kuazima.
"La kuazima!" anasema Syombua chini ya mashine ya kukausha,
kwa kelele, maana haisikii sauti yake mwenyewe.

Kila mtu hapa anamjua Zena.
Hakuna aliyewahi kumwona.
Kerubo anajua mafuta anayopaka nywele na bei yake.
Mama wa mayai, aliyeingia kutafuta chenji tu,
anajua kwamba mama mkwe hakumpenda tangu siku ya kwanza,
"na uso ule, we, hukuziona picha za harusi?"
Chenji imesahaulika. Mteja wa mayai anasubiri juani.

Mimi nasoma orodha ya bei ukutani
kama mtu anayetaka kusukwa.
Sisemi kwamba nami nayajua haya yote,
kwamba usiku, jikoni, nikiosha sahani yangu moja,
namsikiliza mtangazaji huyu huyu,
na ile siku ya talaka nilisimama na sponji mkononi
mpaka povu likakauka.
Sikuwa na huzuni.
Nilitaka tu kujua nani alibaki na sufuria.
Watu maarufu hawaulizwi habari za sufuria.

"Na mtoto je?" anasema mtangazaji. "Atakaa na nani?
Usiende mbali, tukirudi..."

"Maji!" Mtu anapiga kelele kwenye ngazi.

Siku nne mifereji imekuwa ikikohoa hewa.
Saluni inamwagika mlangoni:
mitungi, ndoo, hata beseni la kuoshea vichwa,
Syombua na taulo begani, ukoo mzima wa rola kichwani,
mama wa mayai akiwatangulia wote.
Kerubo ananibandika msuko vidoleni.
"Shika hapa. Ukiachilia, utafumuka wote."

Nashika.
Sijawahi kushika kitu kwa makini hivi,
hata usukani siku ya mtihani wa leseni.
Nywele zake kidogo, za dukani nyingi,
rangi ya mvinyo, aliyoichagua na mama yake
kwenye simu, kwa wiki nzima, bila kuniuliza.

Redio inabaki na sisi wawili.
Tangazo la unga.
Tangazo la mkopo wa dakika tano.
Unga tena.
Kisha: baba atamchukua mtoto kila Jumamosi
na kumrudisha Jumapili kabla ya saa kumi na mbili.

Nanjala hageuki. Hawezi, nimemshika.
"Kama sisi," anasema.
"Kama sisi."
"Lakini yule ana bwawa la kuogelea nyumba zote mbili."
"Nani amekuambia?"
"Baba. Kila mtu anajua."

Nje mitungi inagongana.
Mtu anaapa kwamba alikuwa mbele ya mtu.
Vidole vyangu vinaanza kufa ganzi
na sasa wanapiga kile kibao, cha harusi,
hakuna aliyewaza kwamba labda leo wangekiacha.
Binti yangu anakiimba, kila neno, hata pale penye mapenzi ya mpaka kaburini,
kichwa chake kikitikisika mkononi mwangu.

"Tulia," namwambia, "utafumuka."

Hatulii.