Waya Chini ya Daraja

Shaame kaliweka gitaa la besi mezani kwangu
limefunikwa kanga, kama aletaye mtoto mwenye homa.
"Linavuma, fundi. Tangu harusi ya Kiuyu.
Bi Mwanakheri kanikatia jicho jukwaani,
ati namharibia wimbo kusudi."

Hapa Wete kila kinachovuma hutafutiwa mwenyewe.

Nikachomeka. Kweli: mmmmm,
nyuki mmoja mnene ndani ya spika.
Nikazilaza nyuzi zote nne kwa kiganja.
Nyuki hakujali.
Nikagusa chuma cha jeki kwa ncha ya kidole.
Kimya.
Nikaondoa kidole. Nyuki. Nikarudisha. Kimya.

"Basi jeki ndiyo mbovu," kasema, keshanyanyuka.
Kaa kitako. Jeki inasema kweli.
Nyuzi ndizo zilizokosa ardhi.
"Ardhi gani, na hii ni mbao?"

Baba alikuwa na redio ya kabati.
Kapigilia nondo nyuma ya nyumba, penye maji ya kuogea,
kaifunga waya, na kila alasiri
kaimwagia kata moja; kiangazi, mbili.
Majirani wakimcheka: Hamad anapalilia chuma,
tutavuna lini misumari?
Naye: "Kelele ni umeme uliokosa pa kushukia.
Upe njia. Hauna ugomvi na mtu."

Nikafungua kifuniko. Skurubu saba; ya nane ni tundu tupu.
Ndani vumbi, buibui mkavu,
na fundi aliyenitangulia, Mungu amsamehe,
kakifunga kiungo kwa plasta ya kidonda.
Nati ya jeki imelegea siku nyingi:
kila ikikazwa kwa nje, ndani jeki yote huzunguka,
nyaya zimesokoteka kama kamba ya usumba,
mmoja umebakiwa na unywele wa shaba.
Nikakata, nikamenya, nikalehemu upya.
Risasi ikatulia, inang'aa.

Nikachomeka. Mmmmm.

Nikasema neno ambalo baba hakunifundisha.

Hapo hapo umeme ukakatika.
Unatujia chini ya bahari, njia yote kutoka Tanga,
na siku nyingine unafika hoi, siku nyingine haufiki.
Pasi ya kulehemu ikapoa mkononi mwangu.
Joto. Inzi. Shaame anakunja kanga, anaikunjua.
"Wamenunua kinanda kipya," kasema mwisho.
"Kina kitufe cha besi. Hakivumi,
hakidai nauli, hakili pilau.
Wamenipa mpaka Ijumaa."

Sikumjibu. Mwanga wa dirishani ulitosha skurubu tano.
Nikalinyanyua daraja la nyuzi, lile bati zito
ambalo hakuna anayelitazama chini yake.

Waya ulikuwapo.
Haukukatika, haukuungua.
Umelala kwenye kishimo chake, kijani kwa kutu,
haukugusa bati kwa unene wa ukucha.
Msimu mzima wa karafuu, Shaame akiwa mtini,
gitaa lililala ghalani na unyevu wake.
Yametosha hayo.

Nikaukwangua kwa wembe mpaka shaba ikacheka,
nikaupasua ncha, nikautandaza kama kipepeo,
nikalikandamiza daraja juu yake,
nikakaza, nikakaza.

Umeme ulirudi baada ya alasiri, friji ya jirani ikakohoa.
Nikachomeka. Nikafungua sauti mpaka mwisho.
Shaame kakodoa macho.
"Limekufa?"
Limenyamaza, Shaame. Lipige.

Kapiga kwa dole gumba, noti moja, ya chini kabisa,
na vikombe vya kahawa vikatetemeka kabatini,
na yeye hakuondoa kidole
mpaka sauti yenyewe ilipochoka.

Elfu tano, nikamwambia. Kanipa tatu.
Mbili baada ya Ijumaa, kasema,
bila kunitazama.

Magharibi haijaadhiniwa nikatoka nyuma na kata ya maji.
Redio ilikufa zamani. Waya waliuiba watoto, wakatengenezea mtego.
Nondo ipo, imeliwa na kutu, imeinama.
Nikaimwagia.
Udongo ukanywa, bila haraka.