Swali la Kumi na Saba

Nimepewa kishikwambi, mwavuli, na orodha ya nyumba arobaini.
Mvua ya Jinotega haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya soksi.
Nauliza umri, kazi, idadi ya watoto,
choo kiko ndani au nje.
Watu wanajibu huku wanapukuchua mahindi.
Kisha linafika la kumi na saba, nalisoma kama nilivyofundishwa,
bila kupandisha sauti, bila kuinua nyusi:

Kwa maoni yako, Dola Kuu inaunga mkono ugaidi duniani?
Ndiyo kabisa. Ndiyo kiasi. Hapana. Sijui.

Mzee Abelino Rugama, fundi viatu, hakunitazama.
Alivuta buti kuukuu toka uvungu wa meza, akaligeuza,
akanionyesha namba zilizochapwa kwenye soli.
"Hili nililivua mguuni mwa kijana
aliyekuja kuchoma ghala la kahawa la ushirika.
Yeye alikuwa wa hapa hapa, mtoto wa muuza chumvi.
Buti halikuwa la hapa."
Akalirudisha uvunguni.
"Mimi nashona viatu. Andika hivyo."

Hakuna kisanduku cha kushona viatu.

Mwalimu Xilonem alicheka kwanza.
"Dola Kuu ipi? Enzi zile zilikuwa mbili.
Risasi za upande wetu nazo hazikuota shambani."

Evenor, mwenye ng'ombe wawili:
"Hapana! Tena andika kwa herufi kubwa.
Walionipora ng'ombe kumi na tisa walivaa sare ya serikali,
wakanipa risiti."
Risiti anayo bado. Ameiwekea fremu.

Bi Casta alitazama juu, kwenye mabati mapya,
fedha za mwanawe anayeosha vyombo huko kwenye Dola yenyewe.
"Nikisema ndiyo, watamnyima karatasi?"
Nikamwambia majibu ni siri.
"Hata wale waliokuja usiku," akasema, "walituambia ni siri."

Na mjukuu wake, mdomo umejaa embe bichi:
"Ugaidi ni nini?"

Kijitabu, ukurasa wa sita:
mhojiwa akiuliza maana ya neno, usifafanue.
Rudia swali.

Nikarudia swali.

Nyumba ya thelathini na moja, Bi Herminia Zeledón,
miaka themanini na mitatu, masikio yamekufa.
Nikasoma, akatikisa kichwa. Nikasoma kwa nguvu.
Mara ya tatu nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia:
DOLA KUU! UGAIDI! NDIYO AU HAPANA!
Dukani wakazima redio.
Dirisha moja likafungwa, halafu jingine.
Bi Herminia akawageukia waliokuwa barazani,
akawauliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya sukari:
"Huyu binti anataka kujua nani alimuua Toño?"

Hakuna aliyejibu.
Walioketi pale, wawili walikuwa upande ule, mmoja upande huu,
na wanacheza domino pamoja kila alasiri.
Mmoja wao aliangalia kucha zake muda mrefu sana.

Bi Herminia akanishika kidole, kidole changu mimi,
akakibonyeza kwenye kioo: cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne.
Mashine inapokea jibu moja tu.
Ilibaki la mwisho.

Jioni msimamizi akanipigia simu kutoka Managua.
"Yahoska, hizi 'sijui' zako zimezidi. Watu gani hao wasiojua kitu?"
Nikasema mtandao unakatika, ingawa haukukatika.

Nyumbani mama alikuwa anageuza chapati za mahindi.
Sisi hatumo kwenye orodha.
Hakuniuliza nilikuwa nauliza nini,
nami sikumuuliza, mwaka wa ishirini na sita huu,
babu alikwenda na nani ule usiku wa lori.

Kishikwambi kikawaka mezani, kimechafuka matope na unga:
Una hakika unataka kutuma? Ndiyo. Hapana.
Safari hii hawakuweka sijui.
Nikachukua pindo la sketi nikifute kioo,
na kitambaa kikabonyeza chenyewe.