Unyayo wa Masindi

Walikuwa wawili juu ya jiwe, askari na mpagazi.
Askari alikwenda mzima, na buti, na bunduki, na kofia,
usiku mmoja wa mwaka ule
ambao hata milango ya shule ilikwenda.
Mpagazi walimkata kwenye kifundo.
Msumeno ulichoka, au kulikucha,
au mwizi alisikia mtu akikohoa:
ukabaki mguu wa kushoto, peku, vidole vitano,
shaba iliyong'ang'ania zege.

Miaka arobaini tumepimia watoto pale.
Ukifikia kidole gumba chake, umekua.
Mimi nilifikia mchana wa Januari,
shaba ina moto,
nikaruka kama kuku.

Walisema wale wawili waliyeyushwa
wakawa bushi za kinu cha miwa.
Basi nikikoroga chai nawaza
kiwiko cha askari kinazunguka gizani,
kinakamua, kinakamua,
na sukari haina habari.

Sasa baraza la mji limeniita,
mimi Kabasinguzi, binti Rwakaikara, fundi wa saruji,
mjenzi wa matangi na makaburi.
Fedha zilizopo zinatosha mtu mmoja.
"Askari," akasema karani, "ndiye anayejulikana."
Nikamwonyesha mguu.
"Huyu hakuondoka."
Karani akaandika. Sijui aliandika nini.

Nimejifunza mwili kutoka kisiginoni kwenda juu.
Kisigino kimepasuka: alikwenda Butiaba na kurudi,
akaenda tena.
Uzito umelalia nje ya wayo: mzigo ulikuwa bega la kushoto.
Goti nimelikopa kwa Bigirwenkya, mbeba magunia wa sokoni,
shingo kwa mama yangu akitoka kisimani.
Uso nimeufinyanga mara tatu, mara tatu nikaubomoa.
Mzigo wenyewe hakuna aukumbukaye.
Risasi, wanasema. Machela.
Mmoja akaapa ni beseni la kuogea la bwana mkubwa.
Nimeufunika turubai ya saruji, nikakaza kamba.

Na maandishi.
WALI, kisha pengo, kisha BEBA.
Kiswahili cha kambini, kilichoingia hapa na filimbi na kiboko;
nyanya yangu akikisikia nje, alizima taa.
Pengo nimelipima kwa uzi: linatosha herufi mbili.
VI, akasema mhandisi, maana ni mizigo.
WA, akasema mchungaji, maana ni majeruhi.
JI, akasema kijana wa bodaboda, akacheka,
hakuna aliyecheka naye.
Mimi nilitaka kusema TU,
lakini patasi ikawa nzito mkononi.
Nani kati yetu amewahi kukiri kwamba alibebwa?

Jana tulivua magunia.
Mtu wa kijivu, mguu mmoja wa shaba
umeng'arishwa na nyayo za watoto.
Hotuba ilikuwa ndefu; mvua ikaikata.
Watu wakakimbilia vibarazani.
Akabaki Nyamahunge, muuza mihogo,
karai kichwani, mzigo kwa mzigo,
akamsogelea kama mtu amsogeleaye mgeni:
"Empaako yako nani?"

Huku kwetu humsalimu mtu bila empaako.
Jina ni la rejista; empaako ni ya mlangoni.
Nilikuwa na vipimo vyote vya mwili wake,
na hiyo sikuwa nayo.
Maji yalitiririka kwenye kidevu nilichokikosea.
"Basi Araali," akasema, "jina lenye radi ndani.
Araali, umelalaje?"

Akangoja,
muda ule ule tunaomngojea mtu yeyote ajibu,
kisha akaenda kuuza mihogo yake.

Pengo sijalijaza.
Leo asubuhi nimekuta mtoto amepachika humo udongo
kwa kidole, herufi moja,
na haisomeki.